Mwenyeji wa Handakini

Haya yalimpata Yulian, rafiki yetu anayewaandikia wageni wa jiji la Chongqing, China, mahali pa kutembelea na pa kula. Mchana mmoja alikwenda kuonja supu ya pilipili katika mgahawa uliomo ndani ya handaki la zamani la vita, watu walikojifichia mabomu, chini ya mlima.

"Keti kule mwisho, ukutani," alisema mwenye mgahawa, Shangazi Pu. "Na ole wako ukiwaandikia watu kwamba pilipili yangu haiwashi!"

Yulian alicheka, akaketi peke yake; Shangazi Pu akatoka nje kwenda jikoni. Kabla supu haijaletwa, umeme ukakatika, na mlango wa chuma ukajibamiza. Giza totoro. Aliita mpaka koo likamkauka. Hapo akasahau onyo la bibi yake, kwamba anayegonga bakuli mezani huwaita wafu wenye njaa. Akashika kijiti cha kulia chakula, akagonga bakuli tupu lililokuwa mbele yake: ko, ko, ko.

Nyuma ya ukuta likajibu bakuli: ko, ko, ko. Likafuata la pili, kisha mengi yasiyohesabika. Yulian akaacha kugonga. Wao hawakuacha, na kila pigo lilisikika karibu zaidi.

Mara kimya. Mlango ukafunguliwa, Shangazi Pu akaingia na tochi.

"Pole mwanangu! Ulikuwa unagonga na nani?"

"Nyuma ya ukuta huu kuna nini, Shangazi?"

"Kuna nini tena? Mlima tu."

Tochi ikamulika meza. Bakuli la Yulian lilikuwa limejaa udongo mbichi, umerundikwa hadi juu, kama mwenyeji anavyompakulia mgeni wake.