Darubini ya Bunduki ya Signe

Kila Jumamosi, akishamaliza kahawa yake, Babu Torvald alifungua kabati la chuma na kutoa bunduki zake saba, moja moja, akihakikisha hakuna yenye risasi. Signe, mwenye miaka kumi na miwili, alipitisha kitambaa ndani ya mitutu mpaka kikatoka cheupe, kisha akapaka mafuta kidogo. Bunduki ndogo kuliko zote, yenye darubini ya kulengea juu yake, ilikuwa yake Signe, kwa msimu wake wa kwanza wa kuwinda kulungu. Wiki moja kabla ya msimu waliijaribu. Risasi tatu, zote katikati ya shabaha.

Kaka yake Leif, wa miaka kumi na saba, ndiye aliyemfundisha kulenga. Signe alimwamini kuliko mtu yeyote duniani.

Msimu ulipofunguliwa, theluji ilikuwa imefika kwenye vifundo vya miguu. Dume la kulungu likasimama hatua sitini tu kutoka kwenye kibanda walimojificha yeye na Babu. Signe alilenga, akatoa pumzi taratibu, akafyatua. Mnyama akaruka na kutokomea msituni. Walifuata nyayo zake saa mbili nzima wasione hata tone la damu. Alikuwa amemkosa.

Huko kwao Wisconsin, Marekani, anayemkosa kulungu hukatwa pindo la shati mbele ya wawindaji wenzake. Ni utani wa tangu zamani, na anayenuna huchekwa zaidi. Aliyeshika mkasi siku hiyo alikuwa Leif.

"Njoo, bingwa," alisema. "Au kulungu mwenyewe alikuwa mdogo kama panya?"

Wajomba waliokuja kuwinda nao walicheka mpaka wakashika mbavu. Signe naye alijichekesha, lakini machozi yalikuwa karibu.

Babu hakucheka. Hatua sitini, na mtoto huyu? Haiwezekani. Akasimamisha shabaha nyuma ya nyumba, akaifyatua bunduki ile mwenyewe. Risasi ikaenda kushoto, shubiri mbili nzima. Alipoikagua darubini, aliona imebonyea ubavuni.

"Nani ameiangusha?" aliuliza.

Leif alikuwa akitazama viatu vyake.

Mwishowe akakiri. Alhamisi ya kabla ya msimu aliichukua bila ruhusa ili amringie rafiki yake, ikamponyoka kwenye ngazi. Aliirudisha kabatini na kunyamaza, maana aliogopa kunyang'anywa ufunguo wa kabati aliokabidhiwa na Babu.

"Ulijua," Signe alisema. "Ulinikata shati, na ulikuwa unajua."

Leif aliomba radhi. Signe akampa mgongo. Iliuma, tena iliuma sana kwa kuwa ni yeye.

Babu alichukua ufunguo wa Leif na kumwambia kuwa msimu huu hatawinda. Kisha wakairekebisha darubini, Leif akitumwa kwenye theluji kubadilisha shabaha. Risasi tatu za mwisho za Signe zilitua katikati. Leif akamsifu, lakini hakujibiwa.

"Bunduki kuanguka ni ajali," Babu alimwambia Leif. "Ungesema, tungeitengeneza kwa nusu saa. Ulinyamaza, na risasi ile ingeweza kumjeruhi mnyama akafie porini, au kumpata mtu. Darubini imeshapona. Moyo wa mdogo wako utachukua muda. Anza leo kusema kweli, na uendelee kuisema hata kama hakujibu."