Unyayo Kwenye Sakafu ya Stoo

Mama Kidoti alikwenda ofisini kuchukua koti la mumewe. Basi, hilo tu. Koti, chupa ya chai na miwani ya kusomea. Karani alikuwa amempigia simu mchana: "Wifi, Msajili mpya anaingia Jumatatu. Njoo uchukue vitu vya mumeo kabla hawajavitupa."

Alifika jua likiwa limeshazama nyuma ya ukuta wa ofisi. Mawingu yalikuwa mazito, na Mlinzi alikuwa ameshavaa koti la mvua.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mtoto hajambo?"

"Hajambo. Ila mguu wake ule ule."

Mlinzi alitikisa kichwa, akamfungulia geti.

Mume wa Mama Kidoti alikuwa Msajili wa vizazi na vifo. Miaka miwili iliyopita, siku ya Alhamisi, aliondoka nyumbani asubuhi akiwa amechomekea shati la bluu. Hakurudi. Hapakuwa na barua wala simu, na maiti haikuonekana. Askari walikuja, wakaandika, wakaondoka. Baada ya hapo watu wakabaki na midomo yao, na kila mdomo ulikuwa na maelezo yake.

Karani alikuwa na la kwake, na hakulificha. Alikuwa mwanamke mnene, mcheshi, mwenye sauti ya kuita watu foleni.

"Mimi wifi nitakwambia ukweli hata ukinichukia," alisema huku akitafuta funguo za stoo kwenye droo. "Wanaume ni wale wale. Huyo yuko mahali, ameshiba, anabembeleza mtoto mwingine. Siku pesa zikimwishia utamwona mlangoni, amekonda kama mpini wa fagio."

Mama Kidoti alitabasamu kidogo, kwa adabu. Alikuwa ameshalipima neno hilo usiku mwingi. Angependa kumchukia mume aliyemkimbia, maana chuki nayo inampa mtu nguvu ya kuamka asubuhi. Lakini miwani ilikutwa mezani, juu ya daftari. Bila miwani ile mumewe hakuweza kusoma hata jina la mtu kwenye simu. Mwanaume gani anamkimbilia mwanamke na kuyaacha macho yake mezani?

Mlinzi naye alikuwa na la kwake. Aliwahi kumnong'oneza getini, akiangalia huku na huku. Wiki ile kabla ya Alhamisi, mtu mmoja mwenye gari kubwa alileta orodha ya watu kumi na mmoja. Alitaka waandikwe kuwa wamekufa. Walikuwa wazima, wanalima mashamba yao. Msajili akakataa.

"Na siku ile mimi nilimwona akiingia," Mlinzi alimwambia. "Sikumwona akitoka. Niliwaeleza askari. Wakaandika kwamba nilisinzia. Mimi! Miaka ishirini na sita getini!"

Hilo nalo alilipima. Lakini ofisi ilipekuliwa, chumba kwa chumba. Kama hakutoka, alikwenda wapi?

Lililobaki ni la mama mkwe. Mama mkwe alikwenda kwa mganga, akarudi na macho makavu. Mwanawe yu hai, alisema. Wachawi wamemfanya msukule. Wamemficha, wanamtumikisha, na ipo siku atachoropoka. Ila kuna sharti. Asiombolezwe. Jina lake lisitajwe hata mara moja mpaka arudi mwenyewe.

"Ukimtaja na machozi yako," alimwambia mkwewe, "umemfungia mlango kwa mkono wako."

Miaka miwili jina halikutajwa ndani ya nyumba ile. Mama Kidoti hakuwa mjane, wala hakuwa mke. Alikuwa akipakua sahani moja zaidi, akiifunika, na asubuhi akiimwaga. Hakujua kama anaamini. Alijua tu kwamba, kati ya maelezo yote, la wachawi ndilo pekee linalosema mumewe yu hai na hakumwacha.

Aliling'ang'ania kama mtu aliyeshika kamba gizani.

"Hizi hapa," Karani alisema, akamkabidhi funguo. "Boksi liko stoo, chini ya rafu ya mwisho. Mimi nafunga madirisha ya mbele, mvua hii haina urafiki."

Stoo ilikuwa mwisho wa korido. Mama Kidoti aliifahamu. Wiki moja baada ya mumewe kupotea alikuja kuulizia, amemshika Kidoti mkono. Wakati ule mtoto alikuwa na miaka minne. Fundi alikuwa stoo, anasawazisha sakafu mpya kwa mwiko, kwa sababu ya zamani, waliambiwa, ilikuwa imetitia. Kidoti akachoropoka. Akakanyaga saruji mbichi, mguu wa kulia, mara moja tu.

Yule fundi aliruka kama aliyeng'atwa.

"Mtoe mtoto! Mtoe hapo!"

Jasho lilikuwa likimtiririka. Mama Kidoti aliomba radhi mpaka akaona aibu. Lakini fundi hakuufuta ule unyayo. Alichukua ndoo yake akaondoka, na saruji ikakauka hivyo hivyo, na vidole vitano vidogo ndani yake.

Tangu jioni ile, mguu wa kulia wa Kidoti ulikuwa wa baridi. Mchana wa joto, baridi. Ndani ya soksi, baridi. Nesi wa zahanati alisema damu haizunguki vizuri. Kila usiku mama yake aliupaka mafuta ya uvuguvugu na kuusugua, na mtoto alikuwa akisema, bila kulia, "Mama, mguu umebanwa."

Alifungua mlango wa stoo.

Umeme ukakatika.

Alisimama. Mvua ilianza kupiga bati. Aliwasha tochi ya simu, akaingia.

Harufu ilimpokea kabla hajaona kitu. Harufu ya saruji mbichi... Saruji ya miaka miwili, lakini ilinuka kama iliyomwagwa asubuhi ile.

Alimulika chini. Sakafu ilikuwa kavu, ina vumbi. Ila ule unyayo mdogo ulikuwa umejaa maji.

Alitazama juu. Bati halikuvuja.

"Chukua vitu uondoke," alijiambia. Alichuchumaa chini ya rafu ya mwisho, akalivuta boksi. Koti lilikuwepo, na chupa ya chai. Miwani ilikuwa imefungwa kwenye kitambaa. Chini kabisa lilikuwa daftari la vifo, lile kubwa lenye jalada jekundu, ambalo mumewe alikuwa akiliandika siku ya mwisho. Alishika koti.

Tik.

Sauti ndogo. Kama kifuniko cha kalamu kinapofunguliwa.

Aliijua sauti ile kuliko sauti ya mlango wa nyumba yake. Mumewe hakuwa akimwandika marehemu kimya kimya. Hilo lilijulikana mji mzima. Alikuwa akifunga mlango, anafungua kalamu, tik, kisha anamwambia ndugu wa marehemu: "Mtaje. Kwa sauti." Ndugu akishataja majina yote matatu, yeye hujibu, "Nimemsikia." Ndipo anaandika. Karani alikuwa akilalamika kwamba foleni inafika getini kwa ajili ya mambo hayo. Mwenyewe alisema mtu asiingizwe kwenye daftari kama gunia linaloingizwa ghalani.

Tik.

Ilitoka nyuma yake. Ilitoka chini.

"Mtaje..."

Sauti haikuwa ya kutisha. Hilo ndilo lililomtetemesha. Ilikuwa sauti ya mtu aliyechoka, mtu aliyerudi kazini kwa miguu.

"Baba Kidoti?" alinong'ona.

Mvua tu.

"Baba Kidoti, uko wapi? Uko hai? Niambie uko hai."

"Mtaje."

Aliziba mdomo kwa mikono miwili. Simu ikaanguka, mwanga wake ukamulika bati. Alimkumbuka mama mkwe. Alizikumbuka sahani zote alizozifunika. Akitaja, basi. Hakutakuwa na mlango wa kugongwa alfajiri, wala mwanaume aliyekonda amesimama uani. Asipotaja, anaweza kungoja. Angeweza kungoja mpaka azeeke, na kungoja ndicho kilichokuwa kitu cha mwisho alichobaki nacho cha mumewe.

Ndipo ile sauti ikasema, polepole sana:

"Mama Kidoti... nimechoka kushika."

Hakuelewa. Lakini aliujua uchovu ule. Ni wa mtu anayeomba ruhusa ya kulala.

Alipiga magoti kwenye vumbi. Akalitaja jina la mumewe.

"Kwa sauti."

Akalitaja tena, kwa sauti. Jina lake, jina la baba yake, jina la babu yake. Miaka miwili ya jina lile ilimtoka kifuani kwa pamoja, na machozi nyuma yake.

"Nimemsikia."

Tik.

Harufu ya saruji ikapotea, kama mtu aliyefunga mlango nyuma yake.

"Wifi! Unamwita nani huko?" Karani aliingia na taa ya mkononi, kanga begani, tayari kwa utani. Utani haukutoka. Aliiona sura ya Mama Kidoti. Kisha akaliona daftari. Lilikuwa wazi juu ya boksi, na hakuna aliyelifungua.

Waliinama pamoja. Mstari wa mwisho ulikuwa umeandikwa kwa mwandiko wa Msajili, ule uliolalia kushoto. Wino ulikuwa unang'aa, mbichi.

Majina matatu. Umri: thelathini na minane. Angekuwa na arobaini mwaka huu. Mtoa taarifa: mke wa marehemu.

Sababu ya kifo palikuwa patupu. Palikuwa na nukta moja tu ya wino, kama kalamu iliyowekwa ikafikiri, ikainuliwa.

Mahali alipofia: Hapa.

Karani aliipeleka taa chini taratibu, kwenye sakafu, kwenye ule unyayo. Maji yalikuwa yamekauka. Alilifunika daftari.

"Wifi," alinong'ona, na ile sauti yake ya foleni haikuwepo kabisa. "Hatukuona kitu. Unanisikia? Mimi nina watoto. Wewe una mtoto."

Getini, Mama Kidoti alisimama kwenye mvua, koti kifuani. Alimwambia Mlinzi neno moja. "Hapa."

Mzee alitazama jengo. Akavua kofia.

"Sikusinzia," alisema. Kisha akalia.

Nyumbani, mama mkwe alikuwa sebuleni na taa ya mafuta. Aliliona koti. Aliyaona macho ya mkwewe.

"Umemtaja."

"Ndiyo, mama."

"Umemfungia mlango! Umemfungia mwanangu..."

"Bibi," Kidoti aliita kutoka kitandani. "Bibi, njoo uguse."

Walikwenda wote wawili. Mtoto alikuwa amekaa, ameushika mguu wake wa kulia, anautazama kama kitu kilichorudishwa na mtu aliyeazima. Mama Kidoti aliugusa. Ulikuwa na joto. Joto la mtoto mzima, la kawaida, kuanzia kisigino mpaka vidoleni.

"Ameuachia," alisema Kidoti.

"Nani, mwanangu?"

Mtoto alishangaa kuulizwa. "Si yule aliyekuwa ameushika."

Mama mkwe alikaa chini, pale pale alipokuwa amesimama. Kisha, kwa mara ya kwanza baada ya miaka miwili, alimwita mwanawe kwa jina, na nyumba nzima ikalia msiba wake.

Jumatatu Mama Kidoti alirudi kuliomba daftari. Ukurasa ule haukuwepo. Ulikuwa umekatwa kwa wembe, vizuri, sawasawa na mshono. Karani hakumtazama usoni. Ndani ya mwezi huo stoo iliwekwa vigae vyeupe, na Mlinzi akahamishiwa mbali. Nani aliamuru vigae, na nani aliamuru saruji ile, hakuna anayesema. Sakafu haijachimbwa mpaka leo.

Na Kidoti haugui tena mguu. Ila kila usiku, akishafunikwa shuka, anautoa ule wa kulia nje, makusudi, anauning'iniza pembeni mwa kitanda gizani.

"Utapata baridi," mama yake alimwambia siku moja.

"Nimemwekea," alisema mtoto. "Huenda akakosa tena pa kushika."

Mama Kidoti hukaa hapo akiutazama mpaka usingizi umchukue mtoto. Hajawahi kuurudisha ndani.