Baba Ndani ya Kadre

"Stéphane, mbona baba yangu anateleza kama mulevi?"

Mchumba wangu hakuinua macho kwenye mashini. Chumba chake cha montaji, anamohariria video hapa Bunia, kilikuwa na joto, na jenereta ya jirani ilinguruma.

"Nilikuambia video haijaisha, sheri."

"Haijaisha na ulishaituma kwa Patou? Ameiweka kwa grupu ya familia. Watu banacheka."

Nikamsomea ujumbe wa Patou, binamu yangu: "Muzee Médard amekunywa nini huko mbinguni?"

Baba alifariki kabla ya mahari yangu. Siku ya sherehe ya mahari mama alicheza akiwa amebeba picha yake ndani ya kadre, yaani fremu, lakini jua likapiga kioo, na kwenye video ukabaki mwanga mtupu. Stéphane aliahidi kumrudisha baba ndani ya kadre, kwa kubandika picha yake juu ya ule mwanga, kabla ya ndoa yetu ya Jumamosi.

"Programu inafuata pointi moja tu, kona moja ya kadre," alisema. "Inajua kadre imeenda wapi. Haijue imegeuka namna gani. Inataka pointi mbili, na mukono ya mama imefunika ile ingine."

"Basi?"

"Basi tukate hiyo kipande. Ni kidogo tu."

"Umukate baba?"

"Joyeuse, nimeshindwa. Wiki yote nahangaika na yeye."

"Siye tulimubeba hospitali mara na mara, hakuna mutu alisema tumuache. Ukimukata, Jumamosi utaingia kanisa peke yako."

Akanivutia kiti cha pili.

"Ikala. Tutamugeuza kwa mukono, picha moja moja. Miye namusogeza, weye unamuinamisha."

Mchana kutwa tuligombana.

"Umezidisha."

"Ni weye umemusogeza mubaya."

Karibu na mwisho kadre ililala sana upande. Nikataka kuinyoosha.

"Acha. Mama mwenyewe alimuinamisha hapo."

"Juu ya nini afanye hivyo? Ngoma haiendi hivyo."

Akarudisha video nyuma, akaikuza. Mama alikuwa ameacha kucheza. Chini pembeni ilionekana nguo yangu ya bluu. Nilikuwa nimepiga magoti mbele ya wageni. Mama alikuwa anageuza uso wa baba unitazame.

Nilimwinamisha baba pole pole, picha kwa picha, mpaka macho yake yakanifikia.

Stéphane alingoja nipanguse uso.

"Sasa Jumamosi naenda peke yangu?"

"Tutakuja na mama," nikamwambia. "Weye fika mapema."