Gauni la Makokwa

"Nani kagusa sufuria yangu?"

Fundi alisimama mlangoni mwa jiko, mfuko wa sokoni bado uko mkononi. Sufuria yake ya bati ilikuwa imesuguliwa, imefunikwa kifudifudi. Jikoni palikuwa na lidude la chuma, jeusi, na ndani yake gauni lake la harusi linachemka.

"Mimi," alijibu mama wa mchumba wake, akitokea uani huku anajipangusa mikono. "Ile ilikuwa ndogo, nguo imejikunja yote. Nimekuhamishia kwenye yangu."

Fundi alichukua mwiko, akalinyanyua gauni. Lilitakiwa liwe la waridi. Lilikuwa la kijivu, kama maji ya kudekia.

"Mama! Rangi ya makokwa ya parachichi haipatani na chuma hata kidogo!"

"Jamani, mimi ningejuaje, mwanangu?"

Fundi aliuweka mwiko chini. Huyu ndiye mama aliyesema mbele ya watu, siku ya kutambulishwa, kwamba mwanawe hawezi kuoa mwokota takataka. Na harusi ni Jumamosi! Aliingia chumbani, akampigia simu mchumba wake.

"Kokwa wangu, vipi?"

"Leo usiniite hivyo. Mama yako kaniharibia gauni kwa sufuria yake ya chuma. Makusudi."

"Mama? Hapana, bwana."

"Umesahau maneno yake? Harusi isubiri. Siwezi kuingia kwenye nyumba nisikotakiwa."

Akakata simu, akalia kweli kweli.

Makokwa yale yalikuwa na historia. Mchumba wake alikuwa mpishi wa hoteli. Siku ya kwanza alimkuta Fundi nyuma ya jiko, kainamia pipa, anachambua maganda. Mwingine angemfukuza. Yeye aliuliza, "Unataka ya leo tu, au nikuwekee na ya kesho?" Tangu hapo kila jioni alimletea. Mikononi mwa Fundi maganda ya vitunguu yakawa vifuniko vya taa. Ya mayai yakasagwa, yakawa vigae vya meza. Makokwa mpishi aliyaosha mwenyewe, akayaanika, akayatunza kwa ajili ya gauni hili moja. Sasa yameisha yote.

Simu ikalia. Ujumbe.

"Muulize mama ile sufuria ni ya nini. Akishakujibu, utakaloamua mimi nakubali."

Fundi akajifuta uso, akarudi jikoni. Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda, macho mekundu.

"Mama, hii sufuria ni ya nini?"

"Ya mama mkwe wangu. Alinipa nilipoolewa. Huyo mpishi wako nimemlea kwa sufuria hiyo." Akavuta pumzi. "Nilikutukana, mwanangu. Kila siku nasema leo namwomba radhi, mdomo unakuwa mzito. Nikasema basi, nimpelekee sufuria yangu, ataelewa. Nimefika, nimekuta gauni limebanwa. Nikaona nianze hapo hapo kukusaidia. Kumbe ndiyo nakumaliza."

Aibu ikamshika Fundi mpaka masikioni. Alipiga magoti, akamkumbatia.

"Nisamehe mama. Nimekuwazia mabaya."

"Tusameheane. Gauni je?"

Walilisuuza pamoja, wakalitoa uani, kila mmoja kashika upande wake, wakalianika. Wakakaa wanaliangalia. Jua lilivyolipiga, ile rangi chafu ikaanza kutulia, ikawa zambarau laini, ya upole.

"Haki ya nani!" Fundi aliruka. "Mama, rangi hii sijawahi kuipata tangu nianze kazi! Asante!"

"Unanishukuru kwa kukuharibia?"

"Nakushukuru kwa sufuria. Na kwa huyo uliyemlea humo."

Fundi akaandika: "Harusi iko pale pale. Na sufuria siirudishi ng'o."

Jibu likaja: "Nani kalia?"

"Wote."

"Asante Mungu. Hata mimi nilikuwa nalia, nikasingizia vitunguu."

Jumamosi bibi harusi aliingia ukumbini, watu wakasimama kwenye viti kulitazama gauni. Lakini mpishi hakulitazama gauni. Alimtazama mwenye gauni, machozi yanamtoka, na siku hiyo hapakuwa na vitunguu vya kusingizia.

Wakati wa chakula, sauti ikasikika kutoka meza za nyuma.

"Wewe shemeji! Usitupe hilo!"

"Kokwa hili? Si takataka?"

"Takataka yako mwenyewe! Lete hapa."

Fundi aligeuka. Mama mkwe wake, na kilemba chake kipya, alikuwa anapita meza hadi meza, anakusanya makokwa kwenye mkoba wake wa harusi.

"Ya mkwe wangu haya," alikuwa anawaambia wageni. "Mkwe wangu ana kazi nayo."