Nyumba Aliyoifunga Twaiba Magharibi

Mbili ukijumlisha na tatu, mashine ya Twaiba ilisema sita. Moja na moja, tatu. Kila hesabu ilizidi kwa moja, na hakuna kinachokera kama kosa linalojirudia kwa utulivu, utadhani linakucheka.

Mashine yenyewe ilikuwa ndani ya gemu. Twaiba, binti wa Msambweni aliyemaliza shule akakosa chuo, aliijenga kwa swichi, nyaya na taa za humo humo, tofali kwa tofali, kwenye kompyuta kuukuu iliyowekwa chumbani kwa mama yake. Chuo kimoja cha Ukunda kilitangaza nafasi moja ya kusoma bure kwa atakayejenga mashine bora ya kukokotoa. Ukaguzi ulikuwa Jumamosi. Siku hiyo ilikuwa Alhamisi.

"Hivi wewe una wazimu?" aliifokea skrini.

Aling'oa nyaya, akazipanga upya. Sita. Akabadilisha swichi zote. Sita tena! Alitaka kulia kwa hasira, akaona hata kulia ni kupoteza wakati. Akaiondoa kabisa ile taa iliyokuwa ikiwaka pasipostahili. Mahali pake pakabaki peusi, kisha pakawaka bila taa. Chumba kikaanza kunuka udi, na nyumba nzima hapakuwa na aliyefukiza. Alipoizima kompyuta, swichi ziliendelea kugonga mle ndani, ta, ta, ta, polepole, kama mtu aliyebisha hodi mpaka akachoka.

"Mama," aliita. "Njoo usikie."

Bi Dama, mama yake, alikuja na unga mikononi, akasikiliza, asibishane. Alimwita mganga Kibwana wa Bodo, naye akafika baada ya alasiri.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Iwashe niione."

Mzee aliitazama ile nyumba kubwa ndani ya gemu iliyobeba mashine. "Mlango uko wapi?"

"Haina mlango, babu. Niliziba kote, madude ya gemu yasije yakakanyaga nyaya."

"Tofali la mwisho uliliweka saa ngapi?"

Twaiba akakumbuka. Adhana ilikuwa ikiadhiniwa, mama yake akizunguka kufunga madirisha kama kila nyumba mjini ifungavyo saa ile wanapopita wenyewe, majini, kila dirisha na bismillahi yake. Na yeye Twaiba alikuwa akifunga nyumba yake ya gemu, kwa pupa, kimya.

"Magharibi," akajibu.

"Bila bismillahi?"

"Nilisahau, babu."

"Basi umemfungia mtu ndani, mwanangu."

Kibwana alitia ubani chetezoni, akaisogelea skrini. "Kama ni ndiyo, washa taa. Wataka nguo?" Giza. "Halua?" Giza. "Damu?" Giza. Akashusha sauti. "Wataka kutoka?"

Taa zote zikawaka kwa pamoja, zilizofungwa nyaya na zisizofungwa, na ule mwanga ukatoka kwenye skrini ukatambaa mezani, ukapanda mikono ya Twaiba ukiwa wa baridi, huku udi ukizidi kunuka mpaka ukamkaba koo, na swichi zikigonga kwa kasi ya mtu aliyesikia hatua nje ya mlango baada ya kukata tamaa.

"Mtobolee ukuta," Kibwana akanong'ona.

"Babu, nyaya zimepita ndani ya kuta zote! Nikitoboa, mashine imekufa."

"Na ife."

"Nitamtoa Jumamosi, nikishakaguliwa tu. Wallahi."

"Usiniapie mimi. Mwapie yeye."

Twaiba akainama, akaapa kwa kunong'ona. Taa zikazimika, ikabaki moja. Mbili na tatu zikawa tano.

Jumamosi, huko Ukunda, kila hesabu ilitoka sawasawa. Wakaguzi wakapiga makofi.

"Hongera, nafasi ni yako," alisema mkubwa wao. "Tupe nywila ya akaunti, tunaibadilisha sasa hivi. Mashine itabaki chuoni kama ilivyo."

"Naomba dakika moja tu, nitoboe ukuta."

"Ukitoboa itafanya kazi?"

"Haitafanya."

"Basi nafasi tutampa wa pili."

Wa pili alikuwa amekaa pale pale, keshaanza kutabasamu. Ungekuwa wewe ungefanyaje? Twaiba alijiambia ni gemu, ni gemu tu, akaiandika nywila.

Alirudi Msambweni akikimbia. "Mama! Nimepata!"

Mlango wa chumba ulikuwa wazi, pazia likipepea. Ndani, Bi Dama alikuwa akizunguka akipapasa kuta, kucha zimejaa chokaa. Alifika penye mlango, akaupapasa upenyo kama anavyopapasa ukuta, akaendelea asiuone. Twaiba alimshika mkono akamvuta kwa nguvu zake zote kuelekea nje, na pale mlangoni, pasipokuwa na kitu chochote, paji la uso la mama yake liligonga kitu kigumu, damu ikachuruzika.

Twaiba alipiga simu chuoni mara nyingi, awaombe watoboe ukuta. Hawakupokea. Walikwishafunga, mpaka Jumatatu.

"Twaiba, mwanangu," Bi Dama aliita, akimtazama usoni asimwone. "U wapi? Mbona hukuniachia mlango?"