Kuku Aliyesinzia Kiotani

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Getruda alikuwa na kazi aliyokabidhiwa yeye peke yake: kumtunza kuku mweusi aliyekuwa akiatamia mayai ndani ya tenga kuukuu, nyuma ya nyumba yao, kwenye mawe ya mlimani Igogo. Ampe maji na pumba, kisha anyunyize majivu chini ya manyasi ili utitiri usiingie. Maji alitoa. Pumba alitoa. Majivu, mmh, majivu yalichafua sare, kwa hiyo aliyaacha mpaka kesho, na kesho yake tena.

Utitiri hausubiri mtu. Siku moja alipotia mkono tengani, wadudu walimpanda hadi kwenye kiwiko. Kuku alikuwa akijikuna na kuinukainuka, na mayai yalikaribia kuanguliwa. Getruda aliogopa. Mama yake, aliyekuwa akiuza dagaa mwaloni, kwenye soko la samaki ufukweni, angetazama mara moja tu na kujua nani alizembea.

Ndipo akakumbuka chupa ya mjomba Malimi. Mjomba alikuwa mkulima wa pamba huko Magu, na dawa aliyoinunua mjini aliiacha kwao stoo mpaka atakapoifuata. Kama inaua wadudu wa pamba, itashindwaje na utitiri? Getruda aliimimina kwenye kitambaa, akampaka kuku chini ya mabawa, akalowesha na manyasi. Harufu ilimpanda kichwani. Akanawa kwa maji matupu, akaenda zake shule.

Aliporudi alimkuta kuku amelegea, shingo imelala ukingoni mwa tenga, ute unamtoka mdomoni. Mama naye alikuwa amesimama pale pale, mkono kiunoni.

Mama alisema kuku huyo amekwisha, na bora awahiwe kwa kisu kabla hajafa kibudu. Akamtuma Getruda amwite Mzee Bilali, jirani aliyewachinjia watu wa mtaa mzima. Masele, mdogo wake Getruda, alianza kurukaruka akidai paja ni lake.

Kwa Mzee Bilali si mbali, lakini siku hiyo miguu ilikuwa mizito. Akisema, atachapwa. Asiposema, Masele atakula paja. Alijaribu kujidanganya kwamba moto utaiua sumu, lakini vidole vyake vilikuwa vinawasha tangu asubuhi, na kila vilipowasha alimwona Masele amelegea shingo kama yule kuku. Alimwamkia mzee shikamoo, akatoa ujumbe wa mama yake, basi.

Mzee Bilali akaja na kisu chake. Mama akainjika maji ya kunyonyolea. Getruda akavificha vidole vyake nyuma ya sketi. Mzee akamshika kuku mabawa, akauliza anaumwa nini. Mama akajibu kwamba labda ni kideri. Masele akachuchumaa, akanyoosha mkono amshike kuku miguu.

"Masele, usimguse!" Getruda alimvuta mdogo wake nyuma. "Nimempaka dawa ya pamba."

Mzee akaweka kisu chini. Getruda alifumba macho akisubiri kofi, lakini Mama alimkamata mikono, akaisugua kwa sabuni na maji mengi hadi mabegani, akamvua sare. Mzee Bilali naye akanawa vizuri. Kisha mama na mwana wakaenda zahanati, chupa wameiweka ndani ya mfuko ili daktari aisome. Daktari alimpima Getruda, akamweka chini ya uangalizi mpaka aliporidhika, akamruhusu.

Kuku hakupona. Walimzika na manyasi yake kwenye shimo refu ili mbwa wasimfukue. Mayai, kwa ushauri wa bwana mifugo, waliyafuta kwa uangalifu na kuyapeleka chini ya kuku wa Mzee Bilali, ambaye naye alikuwa akiatamia. Bwana mifugo hakuahidi kitu. Kila alfajiri Getruda alipeleka majivu kwa jirani, akayanyunyiza chini ya manyasi.

Mayai mengine yaliharibika, yakazikwa. Lakini asubuhi moja Getruda alisikia mlio mwembamba chini ya bawa, na vifaranga wawili weusi wakachungulia. Alikaa chini akalia.

Mama alikuja akakaa kando yake.

"Siku ile nilitaka kukuchapa kweli," alisema. "Majivu yangechafua sare, tungeifua. Hata ulipokosea, ungeniambia asubuhi ile ile, huenda kuku tungemwosha akapona. Kosa ulilolisema ni lako. Kosa unalolificha, mwanangu, linaingia kwenye sufuria, tunalila wote."

Getruda alifuta machozi, akachukua kopo la majivu.