Lesi ya Bibi Magdalena

Kemilembe alipotoka shule alivua sare, akala ndizi alizowekewa jikoni, kisha akaenda kukaa barazani karibu na cherehani ya mama yake. Ndivyo siku zake zilivyokwenda. Mama Gaudensia alikuwa fundi aliyejulikana Buhembe nzima, na binti yake wa darasa la sita alikwisha kujifunza kushona vifungo na kufupisha mikono ya sare. Kwenye sare hakuona ugumu wowote. Unapima, unakata, unapinda, kazi imekwisha.

Wiki hiyo ilikuja kazi ya aina nyingine. Bibi Magdalena wa Maruku alikuwa akijiandaa kwa jubilei ya ndoa yake na Babu Protase, na alitaka kuvaa gauni lilelile la harusi. Gauni lilikuwa bado zima, ila Bibi mwenyewe alikuwa amepungua. Mikono ya gauni ilimfunika hadi ncha za vidole, akishika kikombe huoni kikombe. Miishoni kulikuwa na lesi pana ya maua, ambayo Bibi aliifuma kwa mkono wake alipokuwa mchumba.

"Lesi itoke kwanza," Mama alisema, akijiandaa kwenda mjini kutafuta uzi unaofanana. "Tumia sindano, fumua mshono mmoja mmoja. Mkasi usiusogeze hata karibu. Kitambaa hiki ni chepesi na kimezeeka."

"Sawa, Mama."

Kemilembe alianza vizuri. Lakini mishono ilikuwa midogo kama mayai ya chawa, na hajafika mbali, Joanitha wa nyumba ya jirani akatokea na mpira wa netiboli kwapani.

"Tunakusubiri wewe tu," Joanitha alisema.

Kemilembe aliutazama mpira, akautazama mkasi. Sare zote alikuwa akizikata, na hakuna iliyowahi kulalamika. Akaushika mkasi. Kitambaa kikateleza, mkasi ukapanda juu, na alipoufunga, mkono wa gauni ulikuwa umekatwa upogo hadi karibu na kiwiko. Kipande chenye lesi kikamwangukia mapajani.

Joanitha aliweka mpira chini. "Sema ni panya," alinong'ona. "Hicho kipande kitie jikoni kiungue."

Panya wa Buhembe wana sifa mbaya, ni kweli, lakini hajazaliwa panya anayeshika mkasi. Hata hivyo hofu haina akili. Kemilembe alikwenda jikoni na kile kipande, akainama juu ya mafiga. Hapo ndipo alipoona kwamba ua moja la lesi lilikuwa na petali nne, na mengine yote tano. Bibi alikuwa amekosea ua hilo alipokuwa msichana, akaliacha. Kemilembe akakikunja kipande, akatoka nacho nje.

Mama aliporudi, Kemilembe alipiga magoti kumwamkia na kumpokea kikapu, kama kawaida. Ila siku hiyo hakuinuka.

"Mama, nimeharibu gauni la Bibi. Nilitumia mkasi. Nilitaka kuwahi mchezo."

Mama aliuinua ule mkono wa gauni, akautazama pale ulipokatwa. Kisha akauliza, "Lesi iko wapi?"

Kemilembe aliitoa. Mama akaigeuzageuza, akashusha pumzi.

"Kitambaa nitahangaika nacho. Lesi hii haiuzwi duka lolote. Ungeipoteza, tungelia wote. Sasa kaa hapa, ufumue mikono yote miwili. Kwa sindano."

Kemilembe alifumua leo, akafumua na kesho, huku kelele za wachezaji zikimfikia pale barazani. Mgongo ulimuuma, lakini lesi zote mbili zilitoka nzima, na ua lenye petali nne likiwa mahali pake. Mama akainyoosha mikono ya gauni kwa mkasi, yote sawa, chini kidogo ya viwiko. Alipoizungushia lesi, haikufika. Lesi ilikuwa imefumwa kwa kipimo cha kifundo cha mkono, na huku juu mkono wa gauni ni mpana.

Mama alishika kiuno. Jubilei ilikuwa mlangoni.

Kemilembe aliitazama sketi yake ya shule iliyoning'inia kambani. "Mama, si tukikusanye kitambaa kama kwenye kiuno cha sketi? Tupitishe uzi, tuuvute mpaka kilingane na lesi."

Mama alimtazama, kisha akamsogezea sindano. "Hilo sikuwa nimeliwaza. Pitisha uzi, fundi."

Mikono ilitoka imejaa vizuri, imebanwa na lesi. Kemilembe ndiye aliyelipeleka gauni Maruku, na kabla Bibi hajalivaa, alimweleza yote, mkasi na jiko. Bibi alimsikiliza mpaka mwisho, akaguna tu.

Siku ya jubilei, Babu alipomvisha Bibi pete upya, kanisa zima liliiona mikono ile myembamba ikitoka kwenye maua meupe. Vigelegele vikapasua paa. Kemilembe alipiga vyake mpaka sauti ikakauka.

Kwenye karamu, Bibi alichota ndizi na mchuzi bila kulowanisha lesi, akamwita Kemilembe mbele ya wageni.

"Wakola munonga, asante sana, mjukuu wangu. Huyu ndiye aliyelikata gauni langu," alisema, na watu wakacheka. "Na ndiye aliyelishona. Alipokosea alisema ukweli mapema, na kipande kikiwa bado mkononi, ndiyo maana tulipata cha kushona. Nanyi watoto, mkiharibu kitu msikifiche. Kileteni tukitengeneze pamoja."

Joanitha, aliyekaa na watoto wenzake, aliinamia sahani yake. Kisha akainua kichwa na kupiga makofi kuliko wote.